Mafuta, Nta na Sandarusi: Historia ya Kung'arisha Samani za Mbao katika Eneo la Kalemie

1.0 Utangulizi

Samani ya mbao haijakamilika siku inapopigiliwa msumari wa mwisho. Baada ya kazi ya msumeno, randa na patasi hubaki kazi ya kusugua, kutia rangi na kung'arisha. Mbao iliyoachwa uchi hunywa unyevu wakati wa mvua, hupasuka wakati wa kiangazi, na hushika jasho la mikono na moshi wa jikoni. Kwa sababu hiyo kila jamii inayotumia mbao imelazimika kutafuta kitu cha kuipaka. Kitu hicho, kikichunguzwa vizuri, humwonyesha mtafiti mambo mengi: mimea iliyopandwa mahali hapo, njia za biashara zilizopitia hapo, na watu waliokuwa na uwezo wa kuamua chombo kipi kistahili kung'ara.

Maumbo ya viti, vigoda na sanamu za mashariki ya Kongo yamechunguzwa sana tangu miaka ya 1930. Kilichopakwa juu ya maumbo hayo kimeshughulikiwa kwa uchache. Makala haya yanafuatilia historia ya mafuta, rangi, nta na utomvu wa miti katika kazi ya mbao kwenye eneo ambalo leo makao yake makuu ni Kalemie, na inapobidi yanatazama pwani ya Bahari ya Hindi, ambako sehemu kubwa ya historia hiyo ilianzia au kuishia. Hoja inayotetewa ni kwamba eneo hili halikukosa malighafi za kung'arishia mbao. Mawese, nta na vumbi jekundu la miti vilipatikana karibu na ziwa; sandarusi ilipatikana pwani na katika misitu ya Kongo. Kilichobadilika katika muda wa karne moja na nusu ni mahali ambapo malighafi hizo ziligeuzwa kuwa dawa ya mbao, na kwa hiyo mahali ambapo maarifa ya kuzigeuza yalikaa.

2.0 Mahali na Watu Wake

Kalemie iko kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, karibu na mahali ambapo mto Lukuga unatoka ziwani kuelekea Lualaba. Mji ulianza kama kituo cha kijeshi kilichojengwa na Kapteni Alphonse Jacques mwishoni mwa mwaka 1891, katika vita dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Ukaitwa Albertville wakati wa ukoloni, ukapata jina la Kalemie baada ya uhuru, na tangu mwaka 2015 ndio makao makuu ya mkoa wa Tanganyika.

Kabla ya kituo hicho, eneo lilikwisha kuwa njia panda. Waholoholo waliishi kandokando ya Lukuga, Watabwa kusini, Wabembe kaskazini, na Waluba na Wahemba upande wa magharibi. Ng'ambo ya ziwa palikuwapo Ujiji, mji wa misafara uliounganishwa na Tabora, Bagamoyo na Unguja. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, jahazi la mfanyabiashara wa Kiarabu lilikuwa tayari kwenye maji ya ziwa, na Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge, karibu na mwambao wa magharibi, kujaribu kulikodi bila kufanikiwa. Ufundi wa mbao wa pwani na ufundi wa mbao wa bara ulikuwa umekwisha kukutana hapo kabla ya Mzungu yeyote kufungua karakana.

3.0 Ushahidi wa Maneno

Mpangilio wa kukutana huko unaonekana katika msamiati wa useremala. Neno la kuanzia ni *msasa*. Leo neno hili humaanisha karatasi yenye chembechembe za kusugulia mbao, lakini kwanza ni jina la mti ambao majani yake yanakwaruza kama tupa. Mafundi walichukua majani hayo, wakasugulia mbao, vikombe vya miti na vipini. Karatasi ya kiwandani ilipoingia haikuhitaji jina jipya. Ilirithi jina la jani. Hapa lugha imehifadhi kumbukumbu ya kifaa ambacho mafundi wengi wa leo hawajawahi kukitumia.

Neno *mafuta* lina jamaa katika lugha nyingi za Kibantu, na halikuhitaji kuletwa na mtu. *Rangi* na *randa* yana asili ya Kiajemi na yalifika kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. *Meza* ni ya Wareno. Mabaharia wa pwani nao walikuwa na maneno mawili mahususi kwa ajili ya kulinda mbao: *sifa*, yaani mafuta ya papa yaliyopakwa kwenye ubavu wa chombo, na *deheni*, mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa uliopakwa sehemu inayozama. Kuwapo kwa maneno hayo kunathibitisha kwamba upakaji wa mbao ulikuwa elimu yenye vipengele vyake, na fundi alijua ipi ni dawa ya jua na ipi ni dawa ya maji.

Tabaka la juu kabisa ndilo linalozitenga pwani mbili za ziwa. Fundi wa Kigoma hupaka *vanishi*, neno lililotoka kwa Waingereza. Fundi wa Kalemie hupaka *verni*, neno lililotoka kwa Wabelgiji. Kitu ni kimoja, na maji yanayowatenganisha mafundi hao wawili ni yaleyale. Tofauti ya jina inaonyesha wazi kwamba kitu hicho kiliingia baada ya mpaka kuchorwa, kikiwa ndani ya mkebe uliokwisha kuandikwa jina.

4.0 Mafuta na Mkono

Michikichi imestawi kwenye pwani za Ziwa Tanganyika kwa muda mrefu. Burton aliyakuta mawese yakiuzwa katika soko la Ujiji. Mafuta hayo yalikuwa chakula, taa, dawa ya ngozi na dawa ya mbao kwa pamoja. Mpini wa jembe, kinu, kigoda na sanamu ya mhenga vilipakwa mafuta yaleyale yaliyopakwa mwilini.

Sifa ya kikemia ya mawese inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo iliyoamua sura ya vyombo vya kale. Mafuta yanayong'arishia mbao yamegawanyika katika makundi mawili makubwa. Yale ya kitani hushika oksijeni ya hewani, yakagandamana na kuwa utando mgumu juu ya mbao. Mawese hayafanyi hivyo. Huingia ndani ya mbao na kubaki laini. Sehemu inayobaki juu hushika vumbi, masizi na jasho, na huhitaji kupakwa tena baada ya muda. Mng'ao wa kigoda cha kale kwa hiyo haukutokana na tendo moja la fundi. Ulitokana na kupakwa mara nyingi, kushikwa mara nyingi na kukaa penye moshi kwa miaka. Uso mweusi unaometa wa kigoda cha namna hiyo ni kazi ya vizazi, na fundi aliyekichonga hakuwahi kuuona ukiwa umekamilika.

Pamoja na mafuta palikuwa na rangi tatu. Nyeupe ilitokana na udongo mweupe unaoitwa *pemba* au *mpemba* katika lugha za eneo hili. Nyeusi ilipatikana kwa masizi au kwa kuchoma uso wa mbao kwa chuma cha moto. Nyekundu ilitokana na vumbi la kiini cha miti ya jamii ya mninga, hasa mukula. Vumbi hilo, *nkula*, lilichanganywa na mafuta kisha likapakwa. Rangi hizi hazikuchaguliwa kwa uzuri wa macho pekee. Nyeupe ilihusiana na wahenga na baraka, na nyekundu ilihusiana na damu, hatari na mabadiliko ya hali ya mtu. Kupaka kigoda kulikuwa karibu sana na kupaka mwili wa mtu anayepitishwa katika jando, unyago au kutawazwa.

Mfano bora wa samani ya namna hiyo ni kigoda cha kifalme cha Waluba, ambacho kiti chake hubebwa na sanamu ya mwanamke. Baadhi ya vigoda mashuhuri kuliko vyote vilitoka katika karakana iliyohusishwa na kijiji cha Buli, magharibi mwa Kalemie. Mbelgiji Frans Olbrechts aliutambua mkono wa fundi huyo kwa nyuso zake ndefu zenye huzuni, na kitabu chake cha mwaka 1946 juu ya uchongaji wa Kongo ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kumtendea mchongaji wa Afrika ya Kati kama msanii mmoja mwenye mtindo wake. Jina la Ngongo ya Chintu limehusishwa na kazi hizo. Jambo linalohusu makala haya ni matumizi ya vigoda vya kifalme: havikuwekwa sebuleni. Vilifungwa kwa kitambaa cheupe, vikatunzwa katika kijiji kingine chini ya ofisa maalumu, na kutolewa kwa nadra. Chombo kilichopakwa kwa uangalifu mkubwa kuliko vyote kilikuwa ndicho kisichotazamwa na watu. Hivyo mng'ao ulikuwa ishara ya utunzaji, wala haukukusudiwa kuwa pambo la kumvutia mgeni.

Historia ya vyombo hivyo ilikatizwa kwa nguvu. Mwaka 1883 Luteni Émile Storms wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika alijenga ngome huko Mpala, kusini mwa Kalemie ya leo. Mwezi Desemba 1884 watu wake walikishambulia kijiji cha Lusinga, mtawala wa Kitabwa aliyekuwa akipanua mamlaka yake. Lusinga aliuawa na kukatwa kichwa; fuvu lake na sanamu ya ukoo wake vilichukuliwa hadi Ubelgiji. Sanamu hiyo ilikaa nyumbani kwa Storms mjini Brussels kabla ya kuingia katika jumba la makumbusho la Tervuren. Sanamu iliyokuwa ikishikwa na kutunzwa na watu wa ukoo iliingia kwenye kabati la kioo, na kazi ya kuipaka ikakoma. Mafuta yaliyomo kwenye mbao za vyombo vilivyochukuliwa namna hiyo ni alama ya mwisho ya mikono ya wenyewe. Mhifadhi anayesafisha uso wa chombo kama hicho ili mbao ionekane vizuri hufuta ushahidi usioweza kuandikwa upya.

5.0 Karakana za Misheni na Nta

Mwaka 1885 Mpala ilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kwa jina la Mapadre Weupe. Mwaka 1893 walianzisha Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu katika eneo la Moba, na chini ya Askofu Victor Roelens ikawa kitovu cha kazi yao kusini-magharibi mwa ziwa. Ni huko ambako Stefano Kaoze, Mtabwa, alipata upadre mwaka 1917, akiwa Mkongo wa kwanza wa nyakati za sasa kupata daraja hilo.

Pamoja na shule na kanisa, misheni zilileta karakana, na karakana zilileta aina nyingine ya samani. Kigoda cha kale kilichongwa kutoka gogo moja. Meza, kabati, benchi la kanisa na mlango hutengenezwa kwa mbao kadhaa zilizopasuliwa, kurandwa na kuunganishwa. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Gogo lililochongwa na kulainishwa kwa mafuta huweza kuvumilia ufa mdogo; ubao mpana wa meza uliounganishwa kwa gundi ukivimba na kunywea hufungua viungo vyote. Meza pia huwekewa karatasi, vitambaa na vyakula, na mawese yasiyokauka yangevichafua. Samani mpya zilidai dawa inayokauka.

Dawa hiyo katika useremala wa Ulaya wa karne ya 19 ilikuwa mafuta ya kitani na nta. Kitani kililetwa kwa meli. Nta ilikuwepo. Misitu ya miombo inayozunguka ziwa pande zote mbili ni misitu ya nyuki, na mizinga ya magome imetundikwa humo tangu zamani. Nta ya Unyamwezi ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Nta ya nyuki huyeyuka penye nyuzijoto 62 hadi 64 za sentigredi, na ili ipakike hulainishwa kwa tapentaini: kwa kawaida sehemu 1 ya nta kwa sehemu 3 au 4 za tapentaini, zikiyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto na kamwe si juu ya moto wenyewe, kwa kuwa mvuke wa tapentaini hushika moto upesi. Baada ya kupakwa na kuachwa ikauke, hufutwa kwa kitambaa mpaka ing'are. Haiwezi kuzuia mchwa, na maji ya moto huiachia doa jeupe, lakini hurekebishwa kwa urahisi na mtu yeyote mwenye kitambaa.

Hata hivyo nta haikuwa ya seremala peke yake. Ibada ya Kikatoliki ilidai mishumaa ya nta ya nyuki altareni, na mahitaji ya altare yalitangulia mahitaji ya kabati. Nta iliyobaki ilikuwa na soko la nje. Fundi aliyefunzwa misheni alijifunza thamani ya nta katika mazingira ambamo bidhaa hiyo ya msitu wa kwao ilikuwa na wenyewe wengi kabla yake.

6.0 Safari ya Sandarusi

Kisa cha sandarusi kinaonyesha waziwazi zaidi jinsi malighafi ilivyotenganishwa na maarifa. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, mti wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Ile bora ilichimbwa ardhini, mahali ambapo miti ilikwisha kufa zamani. Ile mbichi iliyotoka mtini iliitwa *chakazi*, neno ambalo vinywani mwa Waingereza liligeuzwa kuwa jina la punda dume.

Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja nguo za merikani na kuchukua pembe za ndovu na sandarusi. Katikati ya karne ya 19 sandarusi ilisafishwa Salem kwenyewe, kisha ikauzwa kwa watengenezaji wa vanishi za samani na magari ya farasi. Kuigeuza sandarusi kuwa vanishi si kazi nyepesi. Huyeyushwa kwa joto kali sana, ikachanganywa na mafuta ya kitani yaliyopashwa moto, halafu ikapunguzwa uzito kwa tapentaini. Kazi hiyo ilihitaji masufuria makubwa, vipimo na mafuta yanayokauka. Mchimbaji wa sandarusi wa Mrima hakuhusishwa na hatua yoyote kati ya hizo. Alilipwa nguo kwa uzito wa alichochimba.

Katika karne ya 20 kisa kilerejea upande wa Kongo. Misitu ya bonde la mto Kongo ilitoa sandarusi ya mti mwingine, nayo ikawa bidhaa kubwa ya Kongo ya Kibelgiji iliyopelekwa Antwerp. Ikarudi ndani ya mikebe. Utomvu uliokusanywa kwenye vinamasi vya Kongo uliweza kuzunguka dunia na kufika kwenye kiti cha ofisi mjini Albertville, ukiwa umebadilishwa jina na bei.

7.0 Mkebe Wafika Albertville

Njia ya kufikia ilifunguliwa katika miaka miwili. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli ya Wabelgiji kutoka Kabalo ilifika Albertville mwaka 1915. Baada ya vita, mkataba wa mwaka 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji uliwapa Wabelgiji maeneo yao ya kupitishia mizigo Dar es Salaam na Kigoma. Albertville ikawa mlango wa mashariki wa koloni, na miongoni mwa shehena zilizopita mlango huo zilikuwamo rangi na verni za viwandani.

Ushindi wa mkebe haukutokana na ulaghai. Verni hukauka kwa saa chache, huzuia maji kuliko nta, na hulingana kutoka kopo hadi kopo. Fundi anayelipwa kwa kila kitanda hawezi kungoja miaka ili uso wa mbao ukomae. Lakini palikuwa na gharama. Kwanza, utengenezaji wa dawa ya mbao uliondoka karakanani. Fundi akawa mnunuzi. Pili, verni iliyobanduka haitibiwi kwa kitambaa; hukwanguliwa yote na kupakwa upya, na mwenye kiti hawezi kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Tatu, baada ya Vita Kuu vya Pili utomvu wa viwandani uliotokana na kemikali ulichukua nafasi ya sandarusi. Soko la sandarusi likadorora na malighafi ya Kongo ikakosa hata ile nafasi yake ya awali.

Sura ya karibuni ya kisa hiki inahusu mukula wenyewe. Katika miaka ya 2010 magogo ya mukula yalikatwa kwa wingi kusini mwa Kongo na nchini Zambia, yakasafirishwa hadi China kutengenezwa samani nyekundu za kifahari. Mwezi Agosti 2019 mti huo uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES, na mwaka 2022 orodha hiyo ikapanuliwa kuijumuisha miti ya Afrika ya jamii za mninga na mkongo. Mti uliotoa vumbi la kupakia kigoda cha mtawala sasa unaondoka na kiini chake chote, rangi ikiwa bado ndani ya gogo.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa haithibitishi kwamba kila dawa ya asili ni bora kuliko ya kiwandani. Mawese ni dawa mbaya ya meza ya kulia chakula, na nta haifai kwa mlango unaopigwa na mvua ya ziwa. Inachothibitisha ni kwamba katika hatua tatu, yaani sandarusi ya pwani, nta ya miombo na mukula wa kusini, eneo la Maziwa Makuu limetoa kile kinachoipa samani uzuri wake, na mara zote limeuza kwa uzito na kununua kwa kopo.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili na wa historia kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kukusanya msamiati wa karakana za Kalemie, Moba, Kigoma na Ujiji, kwa kuwa neno kama *msasa* limehifadhi habari ambayo hakuna hati iliyoiandika, na maneno mengine ya aina hiyo hufa pamoja na wazee wanaoyatumia. Ya pili ni kuvisoma vigoda na sanamu zilizoko makumbusho, za Tervuren na kwingineko, kwa kutazama uso wake pamoja na umbo lake, na mjadala wa kuvirudisha vyombo hivyo uzingatie kwamba mafuta yaliyomo ndani ya mbao ni sehemu ya kile kilichochukuliwa.

Kwa fundi suala ni jepesi zaidi kulitaja kuliko kulitekeleza. Nyuki bado wako miomboni na nta bado inauzwa. Kinachohitajika ni elimu ya kuitengeneza ifundishwe katika shule za ufundi pamoja na elimu ya randa na patasi, ili seremala wa Kalemie aweze kuchagua kati ya nta na verni kwa kufuata kazi iliyo mbele yake.